Kuuliza Bila Kuchungulia: Kazi ya Mwananadharia wa Kurekebisha Makosa ya Kwantamu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na walimu wa fizikia, hisabati na kompyuta. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Walimu wetu, wanafunzi, na wageni mliotoka mbali: asanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Una mashahidi watatu. Wamekabidhiwa siri moja, na huenda mmoja wao ameikosea. Unaruhusiwa kuwahoji, ila kwa sharti moja: wewe mwenyewe usiijue siri. Ukiisikia tu, imeharibika. Utamtambuaje aliyekosea?

Huwezi kumwambia yeyote, "Niambie ulichoshika." Lakini unaweza kuwaita wa kwanza na wa pili ukawauliza: je, mlichoshika kinafanana? Kisha ukawaita wa pili na wa tatu ukawauliza vilevile. Wa kwanza na wa pili wakisema wanatofautiana, halafu wa pili na wa tatu wakasema wanafanana, aliyekosea ni wa kwanza. Pande zote mbili wakitofautiana, aliyekosea ni yule wa katikati. Pande zote wakifanana, hakuna aliyekosea. Mkosaji umempata, na siri hujaisikia.

Ndugu zangu, kazi yetu ni hiyo. Kuuliza bila kuchungulia.

Sasa tuwaondoe mashahidi, tuweke kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwantamu. Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti inaweza kubeba 0 na 1 kwa pamoja katika mchanganyiko wenye uwiano maalumu, na ukiipima mchanganyiko huo unavunjika. Kuna zaidi. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kwa upande wake, walithibitisha kwamba hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Kwa hiyo mashahidi wetu hawakupewa nakala tatu. Siri ni moja, imetandazwa juu yao watatu kwa pamoja. Mwanafunzi asipolishika hili mapema, kila kitu kitakachofuata kitamchanganya.

Faida yake ni kiasi gani? Tuseme kila kyubiti ina uwezekano wa 1 kwa 100 wa kupinduka, kila moja kivyake. Maswali yetu yatatudanganya pale tu mbili au zote tatu zinapopinduka: mara 3 ya 0.01 kwa kipeo cha 2 mara 0.99, kujumlisha 0.01 kwa kipeo cha 3. Jibu ni 0.000298. Tumetoka kwenye kosa 1 kwa 100 hadi takriban 3 kwa 10,000. Yashikeni maneno "kila moja kivyake". Tutayarudia, na yatatusumbua.

Katikati ya miaka ya 1990 wengi wenye akili kubwa waliamini kwamba jambo hili haliwezekani kabisa. Peter Shor alikuwa ameonesha mwaka 1994 kuwa kompyuta ya kwantamu ingeweza kugawanya namba kubwa katika vigawo vyake tasa, na mara moja likaja pingamizi: kelele, yaani usumbufu wowote unaozikosesha kyubiti, italiua wazo hilo kabla halijazaliwa. Serge Haroche na Jean-Michel Raimond, wanafizikia wa maabara waliozijua kyubiti kwa mikono yao, waliandika makala mwaka 1996 wakiuliza katika kichwa chake kama kompyuta ya kwantamu ni ndoto au jinamizi. Haroche ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2012. Huyu hakuwa mtu wa kubeza ovyo.

Na hoja ya wenye shaka ilikuwa na uzito. Kosa la biti ya kawaida ni moja tu: 0 imekuwa 1, au 1 imekuwa 0. Kyubiti inaweza kukosea kwa namna zisizo na idadi. Inaweza kuzunguka nyuzi 1, nyuzi nusu, sehemu ya elfu ya nyuzi. Unarekebishaje makosa yasiyohesabika?

Shor alijibu mwaka 1995 kwa msimbo wa kyubiti 9, yaani namna ya kutandaza siri moja juu ya kyubiti 9. Makundi matatu ya kyubiti tatu tatu: ndani ya kila kundi unauliza kuhusu kupinduka, na kati ya kundi na kundi unauliza kuhusu awamu, yaani alama ya kujumlisha au kutoa kati ya 0 na 1 katika mchanganyiko: kosa lake ndilo lile la pili ambalo biti ya kawaida haina. Na mizunguko isiyohesabika? Hapa ndipo uzuri wa jambo lenyewe ulipo. Unapouliza "mnafanana au mnatofautiana?", kyubiti iliyozunguka kidogo inalazimika kujibu moja kati ya mawili. Mara nyingi sana itajibu "tunafanana", na papo hapo mzunguko wake mdogo unafutika. Mara chache itajibu "tunatofautiana", na papo hapo kosa linakuwa kamili, la kurekebishwa kwa hatua moja. Swali lenyewe limelazimisha kosa dogo ama lisiwepo, ama liwe zima. Mwaka uliofuata Andrew Steane alifika kwenye kyubiti 7, na wengine wakafika kwenye 5, ambayo ndiyo idadi ndogo kuliko zote inayowezekana kwa kosa lolote la kyubiti moja.

Mnaona kilichobadilika? Sheria za fizikia zilibaki zilezile, na kutonakilika kulibaki palepale. Kilichobadilika ni swali.

Sasa nataka tukae mahali ambapo kazi ya kila siku inafanyika, na hapo ni kwenye kizingiti.

Ukiongeza kyubiti, unaongeza pia vitu vinavyoweza kukosea. Kila swali linaulizwa kwa kifaa, na kifaa nacho kinakosea. Kizingiti ni kiwango cha makosa ambacho chini yake kuongeza kyubiti kunasaidia, na juu yake kunaharibu zaidi. Mnakijua kizingiti cha mlango. Upande huu umo ndani, upande ule uko nje.

Chukua msimbo wa uso, uliotokana na kazi ya Alexei Kitaev ya mwaka 1997. Utandaze kama ubao wa drafti. Kyubiti za data zinakaa kwenye pembe za vyumba, na katikati ya kila chumba kuna kyubiti ya kukagulia, ambayo kazi yake ni kuuliza majirani zake wanne kama jumla yao ni shufwa au witiri. Nusu ya vyumba vinauliza kuhusu kupinduka, nusu kuhusu awamu. Ukubwa wa ubao, yaani idadi ya kyubiti za data kutoka ukingo hadi ukingo, tunauita umbali. Umbali wa 3 una kyubiti za data 9 na za kukagulia 8. Umbali wa 5 una 25 na 24. Umbali wa 7 una 49 na 48.

Kizingiti cha msimbo huu ni kiasi gani? Mtu mmoja atakwambia asilimia 10. Mwingine atakwambia asilimia 3. Mwingine atakwambia haifiki asilimia 1. Nani mwongo? Hakuna. Wa kwanza amedhani kyubiti za data zinakosea lakini maswali yanajibiwa kwa usahihi daima. Wa pili ameruhusu majibu nayo yakosee. Wa tatu ameandika saketi nzima, yaani mfuatano wa hatua ziitwazo malango, lango kwa lango, na kila lango, kila kipimo, hata kila kyubiti iliyokaa ikisubiri zamu yake, amevipa nafasi ya kukosea. Msimbo ni uleule, namba zimepishana zaidi ya mara kumi. Ukisoma makala yenye kizingiti kizuri, usiulize kwanza msimbo ni upi. Uliza kelele gani imedhaniwa. Namba ya kizingiti bila modeli ya kelele ni kama bei bila kipimo: shilingi elfu mbili, lakini kwa kilo au kwa gunia?

Wanaojenga mashine hawana anasa ya kuchagua kelele. Mwaka 2023 timu ya Google ilionesha ubao wa umbali wa 5 ukiushinda ule wa 3 kwa kiasi kidogo sana: asilimia 2.914 ya makosa kwa kila mzunguko, yaani kila duru moja ya maswali, dhidi ya asilimia 3.028. Mwaka 2024, kwenye chipu iitwayo Willow, walifika umbali wa 7 kwa kyubiti 101: zile 49 na 48, na 4 za ziada za kuondoa nishati inayovuja. Kosa likashuka hadi asilimia 0.143 kwa mzunguko. Kila walipoongeza umbali kwa 2, kosa liligawanywa kwa 2.14. Mgawo huo tunauita Lambda.

Lambda ya 2.14 ni habari njema? Ndiyo, maana ipo juu ya 1: tumevuka kizingiti. Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme uko umbali wa 7, kosa ni 1 kwa 1,000, nawe unataka 1 kwa trilioni ili programu ndefu imalizike. Unahitaji kupunguza kosa mara bilioni. Kama Lambda ni 2, hiyo ni kugawanya kwa mbili mara 30, yaani umbali wa 67, yaani kyubiti 8,977 kwa ajili ya kyubiti moja tu ya kimantiki, yaani ile siri moja iliyotandazwa. Kama Lambda ni 10, na ukianzia palepale, ni hatua 9: umbali wa 25, kyubiti 1,249. Kwa hiyo anayeboresha malango ya mashine na anayeboresha msimbo wanachimba kisima kimoja.

Hapa kuna kosa ambalo kila anayeanza hulifanya, nami ningependa mliepuke. Kyubiti ya kukagulia inawagusa majirani wanne mmoja baada ya mwingine, kwa malango manne ya CNOT, kila lango likiunganisha kyubiti mbili. Sasa kyubiti hiyo ikikosea katikati, baada ya lango la pili, kosa lake linasafirishwa na malango mawili yaliyobaki hadi kwenye kyubiti mbili za data. Kosa moja limezaa mawili, kama ndoana iliyonasa samaki wawili. Je, hilo ni janga? Inategemea mpangilio. Ukipanga mfuatano wa malango hivi kwamba hao wawili wamelala kukatisha njia ambayo makosa yanapaswa kuipita ili kuuvuka ubao, hakuna hasara. Ukiwapanga wakalala kuifuata njia ile, umewapa makosa usafiri wa bure: umbali wako wa 5 umegeuka 3, na hakuna atakayekuambia. Saketi itafanya kazi. Matokeo yataonekana mazuri. Utajuaje?

Utajua kwa kuangalia mteremko. Umbali wa 5 unahitaji makosa 3 ili ushindwe, kwa hiyo ukipunguza kosa la kila lango mara 10, kosa la kimantiki linapaswa kushuka kama mara 1,000. Likishuka mara 100 tu, kuna makosa mawili mahali fulani yanayotosha kukuangusha. Rudi kwenye mpangilio wa malango. Fanya kipimo hiki kabla hujaandika hata sentensi moja ya makala yako.

Ndugu zangu, tulisema maneno gani tuyashike? "Kila moja kivyake."

Theoremu za kizingiti za mwanzo, za Aharonov na Ben-Or, za Kitaev, za Knill, Laflamme na Zurek, ni kazi kubwa mno. Zinasema: chini ya kizingiti unaweza kuhesabu kwa muda mrefu upendavyo. Lakini uthibitisho unasimama juu ya dhana kwamba makosa hayaji kwa makundi makubwa. Je, maumbile yalisaini mkataba huo?

Watafiti waliichukua sehemu ya kyubiti 26 kwenye chipu ya superkondakta, yaani metali inayopitisha umeme bila ukinzani ikiwa na baridi kali, wakaziangalia zote kwa pamoja, tena na tena kwa kasi. Takriban kila sekunde 10, kyubiti nyingi zilianguka kwa mkupuo mmoja, na ilichukua makumi ya milisekunde kurudi sawa. Chanzo kilikuwa chembe zenye nishati kubwa: mnururisho wa kawaida unaotuzunguka, na miale inayotoka anga za mbali. Chembe moja inagonga silikoni, inatikisa fuwele, na mtikisiko unaenea chipu nzima ukivunja jozi za elektroni ambazo superkondakta inazitegemea. Kwa king'amuzi, yaani programu inayosoma majibu na kuamua makosa yako wapi, kinachodhani kila kosa ni la kivyake, huo ni mwisho wa hesabu. Kuongeza umbali hakusaidii, kwa kuwa ubao mzima umepigwa.

Dawa haikutoka kwenye msimbo. Wahandisi walibadilisha namna metali za pande mbili za kiungo kilicho ndani ya kila kyubiti zinavyotengenezwa, ili elektroni zilizovunjika zisivuke kirahisi. Kwenye Willow walijaribu msimbo rahisi wa marudio, ndugu wa mashahidi wetu watatu, hadi umbali wa 29. Kosa lilishuka na kushuka, kisha likagoma kushuka zaidi. Kilichobaki ni mkupuo unaotokea takriban mara moja kwa saa, mara moja kwa mizunguko bilioni 3. Walipoandika makala yao, chanzo chake hakikuwa kimefahamika. Mwananadharia mzuri anapoona mstari wa grafu umelala wakati theoremu yake inasema uendelee kushuka, hailaumu grafu. Anachukua karatasi ya dhana zake na kuuliza ni ipi imevunjika.

Niseme sasa juu ya king'amuzi, maana wengi wanakisahau. Neno mnalijua: kile kisanduku chini ya televisheni kinachogeuza mawimbi kuwa picha. Chetu kinageuza dalili kuwa uamuzi. Maswali yote ya ubao yanaleta majibu, na king'amuzi kinatakiwa kusema makosa yalipita wapi. Dalili mbili zinazojitokeza ni kama ncha mbili za kamba iliyozikwa: unaona ncha, unakisia kamba ilipopita, na kamba fupi zaidi ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi. Kuoanisha ncha zote kwa jumla ya urefu mdogo kabisa ni tatizo ambalo Jack Edmonds alilitatua mwaka 1965 katika hisabati ya grafu, miaka 30 kabla ya msimbo wa Shor. Hakuwa akiifikiria kwantamu hata kidogo. Wanahisabati mliomo humu: hamjui nani atakuja kuchota kwenye kisima chenu.

Lakini usahihi hautoshi. Chipu ya aina ya Willow inamaliza mzunguko mmoja kwa mikrosekunde 1.1. Ubao wa umbali wa 7 unatema majibu 48 kila mzunguko, kama milioni 44 kwa sekunde, na huo ni ubao mmoja. Tuseme king'amuzi chako kinahitaji muda mara mbili ya ule ambao majibu yanachukua kuja. Kuna malango, hasa lile liitwalo T, ambayo hayawezi kuendelea mpaka king'amuzi kimalize yote yaliyotangulia. Unasubiri. Unaposubiri, ubao unaendelea kutema majibu. Lango la T linalofuata linakuta mlimbikizo umeongezeka mara mbili, la baada yake mara nne. Baada ya malango 30 unasubiri mara bilioni. Barbara Terhal alilieleza tatizo hili waziwazi mwaka 2015, na tangu hapo king'amuzi kisichotajwa kasi yake hakijakamilika. Ndiyo maana siku hizi kazi hugawanywa katika madirisha ya mizunguko michache, na madirisha mengi huchakatwa kwa wakati mmoja.

Mtu atauliza: kama mashine zinajengwa na wengine, karatasi na kalamu zinaongeza nini? Jibu lipo kwa Craig Gidney, mtafiti wa kompyuta ya kwantamu. Mwaka 2019, yeye na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa biti 2,048 wa RSA, mfumo wa kuficha siri mtandaoni, kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa 8. Mwaka 2025 Gidney alishuka chini ya milioni 1, kwa muda usiozidi wiki. Dhana za mashine zilikuwa zilezile: kosa la asilimia 0.1 kwa lango, mzunguko wa mikrosekunde 1, kila kyubiti ikizungumza na majirani zake tu. Chipu haikubadilika. Kilichobadilika ni hesabu. Nako IBM, mwaka 2024, Sergey Bravyi na wenzake walichapisha msimbo unaohifadhi kyubiti 12 za kimantiki ndani ya kyubiti 288, kazi ambayo msimbo wa uso ungeifanya kwa karibu 3,000. Gharama yake ni nyaya: kila kyubiti inataka kuunganishwa na nyingine 6, baadhi zikiwa mbali.

Wanafunzi, nyenzo za kuanzia mnazo. Daniel Gottesman na Emanuel Knill walionesha kwamba saketi za aina tunayoitumia kuuliza maswali haya zinaweza kuigwa na kompyuta ya kawaida kwa wepesi. Huhitaji mashine ya kwantamu. Unahitaji kompyuta mpakato, Python, na programu mbili za bure: Stim kwa kuiga saketi, PyMatching kwa kung'amua. Stim inaweza kukutengenezea saketi ya msimbo wa uso yenyewe. Anza na umbali wa 3, 5 na 7. Endesha angalau mizunguko sawa na umbali, na bora zaidi mara tatu yake, la sivyo kingo za mwanzo na mwisho zitakudanganya. Tia kelele kwenye kyubiti zinazosubiri pia. Ripoti kosa kwa mzunguko, usilichanganye na kosa la jaribio zima.

Na hesabu majaribio yako. Ukitaka kuona kosa la 1 kwa milioni kwa makadirio yasiyoyumba zaidi ya takriban asilimia 10, unahitaji kushindwa mara 100, yaani majaribio milioni 100. Ukifanya majaribio 10,000 bila kushindwa hata mara moja, usiandike sifuri. Andika kwamba kosa haliko juu ya takriban 3 kwa 10,000, maana data yako haijui zaidi ya hapo.

Kisha, mkishapata mistari yenu mitatu ya grafu, mmoja kwa kila umbali, inayokatana kwenye kizingiti, fanyeni jambo moja zaidi. Badilisheni kwa makusudi mpangilio wa yale malango manne, uwe ule mbaya. Chukueni umbali wa 5, shusheni kosa la lango mara 10, na muangalie kosa la kimantiki limeshuka mara ngapi.

Asanteni sana. Nayakaribisha maswali.